Samaki Aliyewekewa Matanga

Kisangani, Kabondo, 10 Machi 2025

Mdogo wangu Isaïe,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, mama ni mzima nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayonifanya nishike kalamu. Wewe huko Isangi waendeleaje? Unakula vizuri? Mbu hawajakumaliza? Tangu uondoke kabla ya Noeli simu yako haipatikani, kwa hiyo barua hii nimempa papa Zacharie wa baleinière, ile boti ya mbao, na nimemwambia akuwekee mkononi mwenyewe.

Mimi yaya wako, dada yako mkubwa, nilikuwa nimeapa sitakuandikia. Uliposema mbele ya tonton Apollinaire, mjomba wetu mwenye ukumbi, kwamba ukumbi wetu wa video ni banda la wapiga kelele, na kwamba umechoka kuwa samaki, nilisema basi, aende zake. Lakini sasa limetokea jambo, na ni la mama.

Jumamosi tulionyesha tena Mto wa Juu. Mashabiki wetu unawajua, hawaichoki ile katuni. Wengine walitoka hadi Kapalata kwa miguu, mashavuni wamejichora sharubu za makaa. Mimi nilikaa kando ya skrini na maikrofoni yangu, nikawasemea msichana na mchawi kwa Kiswahili chetu kama kawaida. Ngolo, yule kambare mkubwa anayeogelea mawinguni, uliyekuwa ukimsemea wewe, nikampa Franck. Ningefanyaje? Franck alijikaza. Alinung'unika kizee vizuri tu, hata wakampigia makofi. Mpaka tukafika mwisho. Mto wa angani ukakauka, Ngolo akazama kwenye ukungu, skrini ikawa nyeusi, na watu wote wakanyamaza wakingoja lile neno lako: "Siyakufa, wandugu! Nalala tu kidogo!" Na kwa kuwa neno hilo kwenye filamu yenyewe halimo, ulilitunga wewe, Franck naye akanyamaza.

Isaïe, ule ukimya sijawahi kuusikia. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Alors, Ngolo amekufa kweli." Hapo viti vikaruka. Franck alitorokea dirishani.

Kesho yake mashabiki wakaleta mchezo: wakamwekea Ngolo matanga. Walipanda matawi ya michikichi barabarani mbele ya ukumbi, wakapanga viti vya plastiki, wakaleta ngoma. Walitundika picha ya samaki, na pembeni yake picha yako, kwa kuwa kwao ninyi ni kitu kimoja. Chini wakaandika, "Sauti yetu, lala salama." Mama alikuwa anarudi kutoka sokoni kwa pikipiki. Akaona matawi ya msiba mlangoni kwa kaka yake. Akaona picha yako. Akaanguka palepale.

Tansiyo yake ya damu ilipanda mpaka muuguzi akatoa macho. Chimène, yule mkubwa wa mashabiki, alipiga magoti akamwambia, "Mama, pole, haiko Isaïe. Ni samaki njo alikufa!" Mama akamjibu, "Batu bazima, bote na ndevu yabo, banalilia samaki? Munanificha."

Azima simu ya mtu, mdogo wangu, tafuta mahali penye mtandao, umwambie mama neno moja tu asikie. Hata ukinitukana mimi sawa.

Yaya wako,
Kahambu

*

Isangi, 18 Machi 2025

Yaya Kahambu,

Salamu kwako na kwa mama, na pole nyingi kwa wote wawili. Mimi niko salama, nanunua samaki kwa wavuvi, nawakausha kwa moshi, nawauza. Mbu wameonja, wamenizoea.

Barua yako ilinichekesha hadi pale mama alipoanguka, kisha nikajionea aibu. Mwambie niko hai. Simu yangu ilitumbukia mtoni, na mtandao wa huku ni wa kuotea. Nampelekea picha niliyopigwa bandarini wiki hii, pamoja na kikapu cha samaki. Kikapu nimekifunga mwenyewe kwa fundo la magunia alilotufundisha dukani kwake. Akiliona tu atajua ni mkono wangu. Mpe dawa zake kwa wakati.

Na Franck mwambie asijali. Ngolo ni mzito kumbeba.

Mdogo wako,
Isaïe

*

Kisangani, 26 Machi 2025

Isaïe mdogo wangu,

Salamu, na nashukuru kwa kikapu. Tumekula samaki, walikuwa watamu. Mama hakugusa hata mmoja.

Picha aliishika kwa muda, kisha akanirudishia. Anasema picha siku hizi zinatengenezwa kwa simu. Na kweli, mashabiki wako ndio waliomharibia: mwaka jana walikutengeneza umepanda samaki juu ya mnara wa kanisa kuu, na picha hiyo mama aliitundika dukani! Kuhusu fundo, amesema, "Ile fundo nilifundisha batoto yangu yote mbili." Na barua yako nilipomsomea, aliuliza nani alikuwa anamwandikia Isaïe kazi za shule. Unajua ni nani. Donc mama anaamini barua naiandika mimi, kikapu nakifunga mimi, na kila kitu nakifanya ili asife kwa tansiyo.

Amevaa kitambaa cheusi na duka amelifunga. Ameomba padri akusomee misa. Mashabiki wanakuja kila asubuhi kumchotea maji na kumwomba msamaha, naye kadiri wanavyoomba ndivyo anavyozidi kuamini kwamba umekufa.

Sauti, Isaïe. Anataka sauti. Papa Zacharie anasema pale bandarini kwenu kuna mtu mwenye simu inayoshika vizuri kabisa. Kwa nini hupigi? Kama bado una hasira nami, njoo unimalizie mimi, umwache mama. Nakasirika hadi kalamu inatoboa karatasi, angalia mwandiko huu.

Yaya wako,
Kahambu

*

Kisangani, 7 Aprili 2025

Isaïe,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na safari hii nasema hivyo kwa dhati, siyo kwa desturi ya barua.

Hukunijibu. Baleinière imerudi mikono mitupu. Nilimuuliza papa Zacharie kama alikuona. Akasema, "Nilimupa barua mu mukono. Aliitika na kichwa. Hakusema kitu." Nikamuuliza, hata salamu? Akasema, "Hata bonjour, mama Kahambu. Alinipungia tu mukono akaenda." Wewe, uliyekuwa ukiongea hadi usingizini!

Sasa nami nimeanza kuingiwa na shaka. Jana niliitoa barua yako ya mwezi wa tatu nikaitazama herufi kwa herufi, nikajiuliza kama ni wewe au kuna mtu huko amekufanya vibaya na anatuandikia kwa jina lako. Nikaona haya, nikairudisha sandukuni. Kisha nikaitoa tena.

Mama amesema Jumamosi atapanda boti aje Isangi kutafuta kaburi lako. Ameshafunga begi. Muuguzi amemwambia wazi kwamba jua la mtoni na tansiyo yake, hatafika. Amemjibu, "Nitafika. Mutoto yangu iko kule." Tonton Apollinaire amemsihi, mimi nimelia mbele yake, Chimène ameahidi kwenda badala yake. Hataki kumsikia yeyote. Mama yetu akishaamua jambo unamjua.

Sitamfunga kamba. Wewe ndiye wa kumzuia. Sema kitu, Isaïe, chochote kile.

Yaya wako anayeogopa,
Kahambu

*

Isangi, 9 Aprili 2025

Yaya Kahambu,

Salamu. Uliniandikia mara tatu na mara zote nimekukwepa. Leo nitakujibu.

Sina sauti, yaya. Imeisha. Mwezi wa kumi na moja ilianza kukwaruza, nikadhani ni kelele za ukumbi. Nikaenda kwa daktari, akaingiza taa yake kooni, akasema kuna kinyama kimeota, lazima kikatwe, na kikikatwa hawezi kuniahidi sauti itarudi. Nilipotoka pale, vijana wa pikipiki waliniita kutoka ng'ambo ya barabara, "Ngolo, sema!" Nikajaribu kupaza sauti. Ikatoka hewa tupu. Walicheka sana, wakadhani nawatania.

Nikaona siwezi. Mjini kila mtu ananidai neno lile, watoto, wazee, hata mapolisi. Nikakimbilia mahali ambapo samaki ni samaki tu. Ukumbi wetu niliutukana kwa ile sauti kidogo iliyobaki, ili ukasirike usinifuate. Uliamini haraka mno, yaya!

Sasa unaelewa kwa nini sipigi simu. Kitu kimoja anachokitaka mama ndicho nisicho nacho. Kisu nakiogopa, lakini uso wa mama siku atakaponiita nisiweze kuitika nauogopa zaidi. Nilifikiri barua zitatosha, na sasa ameshafunga begi.

Barua hii itatangulia na mtu wa pirogi, ule mtumbwi wenye mota. Mimi nakuja na papa Zacharie, tutafika Jumamosi asubuhi. Mshike mama gatini, asipande chochote kabla sijashuka. Mashabiki usiwaambie.

Mdogo wako,
Isaïe

*

Kabondo, ukumbini kwetu, benchi la nyuma
Jumapili ya Matawi

Yaya Kahambu,

Bado uko mbele unazungusha nyaya, na mimi niko hapa nyuma, kwa hiyo nakuandikia. Hali yangu unaiona. Ya mama utaisoma hapa, kwa kuwa kwa kelele zile najua hukusikia yaliyotokea kwenye benchi letu.

Jana pale gatini uliona alivyonizaba kofi kwanza, akanikumbatia baadaye. Hukuona alivyoniita jina langu nyumbani, taratibu, akaweka kiganja kooni kwangu akingoja niitike. Nikatikisa kichwa. Akakiacha kiganja pale pale. Halafu akauliza, "Ile neno yako ya samaki, ilikuwa nini?" Nikamwandikia kwenye mfuko wa sukari, akausoma polepole, akaukunja akautia kifuani.

Leo alitoka misani moja kwa moja, tawi bado mkononi, akaingia humu mara ya kwanza maishani mwake, humu alimosema hataweka mguu. Watu hawakunitambua, nami nimejichora sharubu kama wao. Ulifanya vizuri kuizima maikrofoni ya pili, ile ya Ngolo, asimsemee mtu. Ngolo alipozama na skrini ikawa nyeusi, nilishika benchi kwa mikono miwili. Ukimya ule ulioniandikia, sasa naujua. Mwanamke mbele yetu alianza kulia.

Mama akasimama. Unaijua sauti yake ya kuita wapakuzi kutoka mwisho wa soko. Kwa sauti hiyo hiyo akasema, "Haiyakufa, wandugu! Inalala tu kidogo!"

Ulichokisikia wewe ni ukumbi mzima ukirudia baada yake. Mimi nilimsikia wa kwanza. Alipokaa alikuwa amefungua kitambaa cheusi, anajifutia nacho machozi. Nililia pia, masharubu yote yakachuruzika, na hapo ndipo Chimène akanitambua.

Jumatano nakwenda kwa kisu. Mama amesema atakaa mlangoni. Kama nikirudi bila sauti, yaya, nakuomba Ngolo usimpe Franck.

Mpe mama.

Mdogo wako,
Isaïe