Siafu wa Wattaya

Ijumaa, jioni. Joto la leo limegandisha nguo mwilini tangu asubuhi, na hasira yangu nayo haijapoa.

Nilitoka kanisani saa sita, maana huku Maskati Ijumaa ndiyo siku ya ibada na mapumziko, nikachukua teksi mpaka Wattaya ninakofanya kazi, na kabla sijavua viatu simu ikaita. Alikuwa Levina, kiranja mkuu wetu wa zamani, ambaye sasa ni mwenyekiti wa kamati ya jubilei ya shule.

Nieleze kidogo. Katika shule yetu ya masista, kule nyumbani Tanzania, kila kidato cha kwanza kilipewa jina na madada wa kidato cha nne, na jina hilo mlikaa nalo mpaka mnamaliza. Waliotutangulia walikuwa Tai na Almasi. Sisi tulifika siku ya mvua, tumejitwika magodoro, mstari mmoja kutoka getini hadi bwenini. Madada wakacheka, wakatuita Siafu. Wengine tulilia. Mwezi haukuisha, tukawa tumeshona skafu za rangi ya damu ya mzee na kutunga wimbo ambao masista walitukataza kuuimba karibu na kanisa.

Tulikuwa na sheria yetu pia. Kila sikukuu ya somo wa shule, yaani mtakatifu msimamizi wake, madarasa yalishindana mbio kuzunguka shamba la migomba. Mwenzetu Getruda alikuwa na pumu. Levina, aliyekuwa na mbio kuliko shule nzima, ndiye aliyesema mwaka ule wa kwanza kwamba tutafika wote au hatufiki. Miaka minne mfululizo tulikuwa wa mwisho, tumeshikana mikono, tunaimba.

Levina huyo huyo ndiye aliyenipigia leo.

Kamati inaandaa kijitabu chenye picha ya kila mmoja wetu na kazi yake. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za joto, kisha akaniambia picha niliyotuma nikiwa na aproni haifai. Nitume nyingine, nimevaa gauni, na chini yake wataandika "mjasiriamali". Wazazi wanaowatafutia mabinti zao shule watakisoma kijitabu hicho.

"Rehema, hakuna anayekudharau," alisema. "Tunalinda hadhi ya shule tu."

"Mimi ni mpishi na mfanyakazi wa ndani, Levina. Mwaka wa kumi na moja huu. Andika hivyo."

Nikamkumbusha zile mbio. Akasema tulikuwa watoto.

Tulikuwa watoto!

Hilo liliniuma kuliko huo ujasiriamali.

Bi Zuwena, mwenye nyumba ninayofanyia kazi, alinisikia nikipandisha sauti. Ni Mwomani aliyezaliwa Unguja, na Kiswahili chake ni cha huko huko. Nilipomsimulia, alifikiri kwanza.

"Waambie wewe ndo msimamizi wa nyumba yangu," akasema. "Nna haki ya kukupa cheo nikitaka."

Najua alitaka kunisaidia. Nikamwambia ahsante, Mama, lakini leo sitaki cheo, nataka unipige picha. Nikafunga shingoni ile skafu ya Siafu, ambayo nilikuja nayo huku, nikavaa aproni juu ya gauni la kazi, nikasimama mbele ya jiko. Sikutabasamu.

Sikuituma kwa kamati. Niliiweka kwenye kundi la darasa letu, mbele ya wote, na maneno haya: Rehema, Siafu. Mpishi na mfanyakazi wa ndani, Maskati.

Kundi ambalo kila Ijumaa halinyamazi likanyamaza.

Baada ya muda Getruda akaandika. Siku hizi ni mwalimu hapo hapo shuleni, kwa hiyo ana mengi ya kupoteza. Aliandika mstari mmoja tu: "Rehema asipokuwemo, na mimi mnitoe."

Levina amesoma. Hajajibu. Kijitabu kinakwenda kuchapwa kesho.

Sasa niungame. Nimeshika simu mara mbili nikitaka kuifuta ile picha. Na liko jambo jingine, ambalo sijawahi kuliandika hapa. Mama yangu anaamini nafanya kazi ofisini, kwenye makaratasi. Nilimwambia hivyo nilipofika huku, naye kwa fahari akawaambia majirani na wenzake wa jumuiya ya kanisani. Kwa hiyo huu uongo wa kamati, aliyeuanza ni mimi.

Nilikaa na hilo kitandani kwangu, feni ikizunguka juu. Nitamkasirikiaje Levina kwa kunificha, wakati nilijificha mwenyewe kabla yake?

Nikampigia mama. Nilimwambia yote bila kupumzika: kupika, kufua, kupiga pasi, chumba changu kidogo nyuma ya jiko.

"Wanakula unachopika?" akauliza.

"Wanakula, mama. Wanaongeza."

"Basi Jumapili nitawaambia wanajumuiya nilikosea kueleza. Binti yangu ni mpishi."

Nililia baada ya kukata simu, lakini si kwa aibu.

Kamati wachape watakavyo. Kama ukurasa wangu hawautaki, nimeuandika hapa, kwa jina langu na kazi yangu, na picha ile haifutwi.