Nafasi Mbili Ambazo Sikuzirudisha

Jumatatu, tarehe 3
Chai, mkate, kompyuta. Kisanduku cha Kiamaiko kimeganda tena, programu haisongi. Mara ya tatu sasa. Kinalinda chumba baridi cha Mama Saida, muuzaji wa nyama ya mbuzi: joto likipanda, kinapiga king'ora. Kikiganda, kimya. Abdi, mtunza chumba, amekizima na kukiwasha. Programu niliiandika mimi na sijui inaugua nini.

Jumanne, tarehe 4
Hapa nyumbani Makadara kisanduku cha majaribio kinafanya kazi kutwa bila kukohoa. Kinanidharau.

Alhamisi, tarehe 6
Kiliganda jana. Mtambo wa baridi nao ukazimika, king'ora hakikulia. Nyama yote imeoza. Abdi amefukuzwa. Mama Saida anasema alikizima makusudi, maana rekodi ya joto inakatika adhuhuri.

Abdi alinipigia. "Sista, mimi nilichomoa tu waya wa kipimajoto nikiosha chumba, vile uliniambia."

Ni kweli. Nilimwambia, maji yasikiingie.

Nimechomoa waya wa kipimajoto cha kisanduku cha hapa mezani. Baada ya saa tatu kikaganda. Nikaona. Kila sekunde programu yangu huomba kiini cha mfumo nafasi tatu za kumbukumbu ili isome joto. Ikisoma, inarudisha zote. Ikikosa kusoma, kama waya uko nje, inarudisha moja na kujiendea. Njia ya makosa niliiandika mbiombio, sikuipitia hata mara moja. Kila siku Abdi aliosha taratibu, pembe zote. Kadiri alivyoosha vizuri, ndivyo kumbukumbu ilivyokwisha.

Naona aibu.

Ijumaa, tarehe 7
Nimekwenda Kiamaiko. Nimemwambia Mama Saida kosa ni langu, si la Abdi. Alisikiliza kwa adabu zote.

"Mwanangu, una roho nzuri. Lakini mashine haisahau kazi. Mtu ndiye husahau."

Nikamwonyesha mistari ya programu kwenye simu. Angesoma nini pale? Mjinga mimi. Nimerudi kwa miguu mpaka Pumwani, nikakaa kwenye ngazi za duka. Sina la kufanya.

Jumatatu, tarehe 10
Nimeongeza mistari miwili kwenye programu. Basi. Waya nje saa sita mfululizo, kumbukumbu haikupungua.

Abdi hashiki simu yangu.

Nimekwenda kuweka programu mpya. Mtunza chumba mpya, ndoo mkononi, aliniuliza kama achomoe waya akiosha. Nikamwambia chomoa tu, haina neno.