Alama za Rungu kwenye Ukuta wa Bibi

Baba, shikamoo. Mwandiko wangu ni ule ule wa darasa la tano, vumilia. Nisipoandika nitatapika.

Tangu tukuzike mvua imenyesha vizuri, mtama umesimama, na yule ng'ombe wa pembe moja amezaa. Mazuri yameishia hapo. Sasa sikia uchafu.

Wiki iliyopita walikuja wageni kutoka Nduguti, wanakusanya habari za wazee waliokataa kodi ya Mwingereza. Tukaitwa shuleni. Nani kasimama wa kwanza? Mjukuu wa jumbe, yule mkuu wa kijiji wa Mwingereza. Kaleta pilau na soda, kisha akasema babu yake ndiye aliyefundisha watu kuziba milango ya wake zao kwa tope, ili karani akija kuhesabu vibanda aone mlango mmoja, nyumba moja, kodi moja.

Babu yake! Jumbe yule yule aliyegonga ukuta wetu kwa rungu akitafuta tope bichi, akamwonyesha karani. Babu yangu mimi, baba yako, akafungwa kamba, akapelekwa Kilimatinde kuvunja mawe, akarudi mgongo umepinda. Wewe ulikuwa mtoto, uliyaona. Na watu wakapiga makofi, Baba. Wapwa zangu nao, midomo inang'aa mafuta.

Nikasimama. Unanijua, nikisimama mimi hata upepo wa Singida unakaa chini. Nikaeleza yote, na safari hii sikuongeza kitu. Hata yule fisi niliyemuua kwa kandambili sikumtaja. Nilipomaliza, mpwa wangu mkubwa akasema, "Mjomba, punguza chumvi."

Maneno yako wewe, uliyozoea kuniambia nikizidisha. Darasa zima likacheka. Mjukuu wa jumbe akanisogezea soda kama anabembeleza mtoto. Soda yake niliwaachia inzi.

Unakumbuka jioni zile, mimi nimeshamfikisha Mfalme wa Uingereza analia kitandani kwa sababu ya Babu, wewe unacheka mpaka ugoro unamwagika? Halafu unanirudisha kwenye kweli: kwamba kodi ile ya vibanda ilipofutwa, Bibi alitaka mlango wake uliozibwa ufunguliwe, Babu akakataa. "Aliyefuta bado ana kalamu," alisema. Wewe ulipokua ukapiga lipu juu ya tope lile, ukabaki hivyo.

Basi nilitoka shuleni moja kwa moja hadi kwenye tembe, nyumba ile ya Babu, nikachukua jembe, nikakwangua lipu yako. Nisamehe. Miimo ya mlango ikatokea, miti myeusi, mizima. Na katikati, kwenye tope la Babu, vishimo vya rungu, vimekauka vile vile jumbe alivyoviacha.

Asubuhi nikawaleta wageni na kila aliyecheka. Mjukuu wa jumbe akatazama, akasema hizo ni alama za pembe za mbuzi. Mbuzi gani anapiga pembe usawa wa kifua cha mtu? Mtu mzima, koti limepigwa pasi, anamsingizia mbuzi. Nilitema mate.

Mpwa wangu mkubwa akasogea ukutani. Aliingiza ngumi kwenye kishimo kimoja, ikaenea. Akakaa nayo mle muda mrefu.

Wageni walipiga picha wakaondoka. Wataandika ya nani, sijui.

Lala, Baba. Mlango sitaufungua, na lipu sitairudisha. Kila mtoto wa ukoo huu ataingiza ngumi yake mle. Na nakuahidi, habari hii moja nitaisimulia kavu mpaka nitakapokufuata. Fisi ana siku zake.

Mwanao, yule wa chumvi.