Miche Niliyoiosha Mizizi

Garsen, Tana River
3 Septemba 1957

Mpendwa Kaka Godhana,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta hapo Kilindini ukiwa mzima, na kwamba kile kikohozi chako kimepoa. Sisi miili ni mizima, ila nyumba imekuwa kubwa mno kwetu.

Simu ya maandishi niliyokupelekea ilikwambia tu kwamba baba ametutoka. Yaliyobaki sikuweza kumwambia karani aandike.

Unaukumbuka msitu wa mbambakofi nyuma ya shamba, ulioungua mwaka juzi. Baba hakukubali pabaki peupe. Alisia mbegu kwenye mikebe, zikaota, zikasinyaa. Bwana miti wa serikali akamweleza kwamba mizizi ya mbambakofi huishi na ukungu mweupe, nyuzi nyembamba zinazoilisha na kuinywesha, na kwamba ukungu huo umo katika udongo wa chini ya miti mizee. Ilikuwa imebaki mitatu tu. Baba, na macho yake yale yasiyoona tena, akaongozwa na dada Halima hadi huko, akarudi na makapu mawili ya udongo. Akasia upya, na miche mia mbili ikanawiri!

Masika yalipoanza akanikabidhi mimi nipande. Kaka, mimi nimelima mpunga tangu utoto. Nilipoona utando mweupe kwenye mizizi nilidhani ni ugonjwa. Nikaiosha yote mtoni ikatakata, kama tunavyoosha miche ya mpunga, nikaipanda kwa tope la mto. Nilijiona hodari kweli. Kufikia Julai ilikuwa vijiti vitupu, na ile miti mizee mitatu wachoma makaa walikuwa wameshaimaliza.

Kila asubuhi baba aliniuliza, “Imeshika?” Nami nilimjibu imeshika. Niliogopa, basi. Siku ya mwisho alinishika mkono akaniombea dua ndefu, akinishukuru kwa kumrudishia msitu wake. Dua ile sijui niipeleke wapi.

Usimlaumu Halima, alimficha baba ukweli kwa kunihurumia. Yeye alikuwa amechukua miche saba kabla sijaiosha mingine, akaipanda kando ya kaburi la mama, na kwa uvivu wake hakuosha kitu. Yote saba i hai. Baba tumemzika hapo hapo.

Msalimie shemeji Mwanaarusi na mwanao Chande. Halima anawasalimu, macho bado yamemvimba.

Mola akulinde kazini na akufikishe kwetu salama. Ukija, usiniletee chochote. Njoo tu unisaidie kuchota udongo chini ya miche ile saba ili tusie upya, maana kila nikipiga magoti pale mikono yangu inakataa.

Ndugu yako mwenye kukupenda na kukuonea haya,
Komora