Pembe ya Kanga ya Bibi Nyanjige

Mpendwa Shangazi Eufrasia,

Hili ninalokuandikia sijamwambia mtu yeyote, hata padri, na naomba sana jina langu lisitokee, maana huku kwetu gazeti likifika dukani husomwa na watu kumi kabla ya kufungiwa sukari. Mimi ndiye niliyekata kanga ya bibi.

Nipo kidato cha pili, shule iko Bariadi mjini na nyumbani ni kijijini, shuleni wananiita bubu kwa sababu mwalimu akiniuliza kwa Kiingereza jibu ninalo lakini mdomo haufunguki, ila mbele ya karatasi siogopi. Bibi mzaa baba ndiye aliyenilea tangu niachishwe ziwa. Mwezi wa nne alininunulia begi la mtumba mnadani, na kwenye mfuko wa ndani nikakuta kitabu cha Wazungu chenye kurasa nene, nusu kimejaa na nusu kitupu, mtoto wa huko amebandika picha ya bibi yake, na kishungi cha nywele nyeupe, na kipande cha gauni, na mchoro wa kiganja, chini ameandika kwa Kiingereza kwamba huyu ndiye anayempenda kuliko watu wote. Nilikisoma mpaka nikakijua kwa moyo, nikasema basi na bibi yangu atapata ukurasa wake humu humu, maana kama ni bibi wa kuandikwa, aandikwe Nyanjige.

Shangazi, wewe humjui. Babu alipofariki watu walimwambia arudi kwa kaka zake, yeye akafunga maksai wawili kwenye plau akalima peke yake, na mwaka ule shamba lake ndilo lililopaliwa mapema kuliko yote. Huu ni msimu wa pili tangu makampuni yaanze kununua pamba huku. Karani wao mmoja alimkuta uani kwenye mkeka, anatenganisha pamba safi na fifi, ile chafu yenye madoa, kama enzi za ushirika, akacheka, "Mayu, mama yangu, unajichosha bure, sisi siku hizi tunachukua yote." Bibi hakuinua hata kichwa. "Wewe chukua yote," akamwambia, "mimi nachagua." Maneno hayo nimeyaandika kwa wino mwekundu katikati ya ukurasa, na pembeni nimebandika kitonge cha pamba yake safi kwa uji wa muhogo.

Kila mwezi mimi ndiye ninayemnyoa, na yeye hunitania, "Mke mwenzangu, taratibu, hicho ni kichwa, si kiazi," halafu nazichukua nywele nikazifukie nyuma ya nyumba. Mwezi ule nilibakiza kidogo. Kisha nikakata pembe ya kanga yake kwa wembe ikiwa imeanikwa kambani. Kisha alipolala mchana nikaegemeza karatasi kwenye unyayo wake wa kulia nikauzungushia penseli taratibu, hakuamka. Nilitaka nimwonyeshe siku ya Krismasi. Nikasahau kwamba mimi si yule mtoto wa Kizungu, na kwamba kwetu nywele na nguo na unyayo ndivyo vitu anavyovitafuta mchawi.

Bibi aliiona kanga wiki ile ile. Aliishika pale palipokatwa, akakaa chini. Siku ya nne mguu ukavimba, wa kulia. Baba mdogo Mwandu akapanda baiskeli hadi kwa mganga wa kule Mwamapalala, akarudi na jibu kwamba ni mtu anayekula nasi chungu kimoja, na wote wakamgeukia mke wake, mama mdogo Klementina, kwa sababu ndiye anayefua.

"Mimi, Mwandu?" akasema. "Nifue mimi, nikate mimi, halafu nianike mimi ili muione vizuri?"

"Mchawi hana aibu," baba mdogo akamjibu.

Sasa bibi hagusi chakula alichopika Klementina, napika mimi, na baba mdogo amesema pamba ikishauzwa yote atamrudisha kwao Nassa na watoto watabaki. Na huyo Klementina ndiye anayeniongezea mafuta kwenye koroboi nisome. Juzi kisimani alinitwisha ndoo akaniambia, "Wewe peke yako ndiye usiyenikwepa." Nilitamani ardhi inimeze.

Shangazi, mimi pia nakula chungu kile. Na mguu uliovimba ndio niliouchora. Je, nimemroga bibi yangu bila kujua? Nikiuchoma ukurasa uvimbe utashuka? Lakini ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza kwa mikono yangu, nauona hapa mbele yangu ninapoandika, na sasa nasikia mguu unaburuzwa uani, ni bibi, yuko mlangoni, naufunika

Mjukuu, Bariadi

SHANGAZI EUFRASIA ANAJIBU

Mjukuu wa Nyanjige,

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa ajili yako. Mara ya pili kwa ajili ya bibi yako, kwa sababu mwanamke anayechagua pamba hata pasipo wa kumlipa kwa kuchagua, huyo ningependa kumwamkia mwenyewe.

Hujamroga mtu. Penseli haivimbishi mguu. Mguu wa mtu mzima una sababu zake, na sababu hizo zinatafutwa hospitalini, si Mwamapalala. Apelekwe wiki hii, kwa baiskeli au kwa mkokoteni wa ng'ombe, shauri yenu.

Sasa nikugombeze. Umenieleza aibu yako kwa kirefu, lakini aliye hatarini si wewe. Kuna mama anayekutilia mafuta kwenye taa, na kwa mwanga wa taa hiyo hiyo umekaa ukaniandikia kurasa mbili, naye yuko jikoni anasubiri kufukuzwa kwa kosa lako. Unajua vizuri jina la mchawi likishamganda mwanamke huko kwenu linaweza kumfikisha wapi. Upole huo wa kunyamaza, mwanangu, si upole. Ni uoga.

Na usithubutu kuchoma. Ukurasa huo ndio shahidi pekee alionao Klementina. Ukiuchoma, umemchoma yeye.

Leo hii, usingoje Jumapili, nenda kwa Klementina kwanza. Yeye ndiye uliyemkosea zaidi, hivyo asikie kabla ya wengine. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki, wewe usikimbie. Halafu mtafuteni mtu ambaye baba yako mdogo humsikiliza, katekista au mwalimu wako, aje akae nanyi jua likiwa bado juu. Ukurasa uweke kwenye mkeka mbele ya bibi. Hotuba huihitaji. Bubu wa darasani atasema maneno matatu tu, tena kwa Kisukuma cha nyumbani: kanga nimekata mimi. Kisha ichukue ile kanga, itandaze, uweke kipande chako pale kilipotoka. Pindo litaingia kwenye pindo, na ua litakutana na ua. Hapo Mwandu atakuwa na kazi ya kumwomba mke wake msamaha mbele ya hao hao aliomtuhumu mbele yao, na wewe usiondoke mpaka aifanye.

Ukimaliza, msomee bibi yako maneno ya wino mwekundu. Hayo hayana nywele wala nguo, hayamtishi mtu. Nywele mrudishie. Akitaka zifukiwe, zifukieni pamoja. Akisema zibaki, zibaki kwa ruhusa yake. Kosa lako halikuwa kumpenda wala kubandika. Ulimchukulia mtu vitu vyake akiwa amelala. Bibi yako hachukui yote, anachagua. Basi mwache achague na hapa.

Ule mchoro wa unyayo ufute. Uvimbe ukishashuka, fungua ukurasa mpya, utandaze chini, umwombe mwenyewe akanyage, macho yake yakiwa wazi na Klementina akiwa amemshika mkono asiyumbe. Huo ndio utakaomfaa.

Na ule mguu ukiburuzwa tena hadi mlangoni kwako, usifunike kitu. Inuka umfungulie.