Kikao cha Taa ya Kijani na Mayai ya Mama Vifaranga

CHAMA CHA WENYE MASHINE WA UA WA KARAKANA
KIKAO CHA DHARURA, JUMAMOSI

Mahali: Chumba cha dobi cha kupigia pasi, kwa kuwa ndicho pekee chenye mabenchi.

Waliohudhuria: Mwenyekiti (mwenye mashine ya kusaga), Mchomeleaji (shemeji yake Mwenyekiti), Mama Vifaranga (mwenye mashine ya kuangulia mayai), Katibu (dobi), Fundi umeme (mwalikwa).

Asiyehudhuria: Mweka hazina, bila taarifa, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 4/1: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliwataka wajumbe wasilete kikaoni mambo ya nyumbani. Mchomeleaji aliuliza nani kayaleta. Mwenyekiti alisema hakumtaja mtu.

KUMB. NA. 4/2: UTEKELEZAJI WA MPANGO WA TAA
Ilikumbushwa kwamba ua mzima unategemea umeme wa sola za paani na betri moja. Kikao kilichopita kiliagiza taa ya kijani ifungwe getini. Ikiwaka, jua limezidi, wenye mashine kubwa wawashe. Ikizimika, wasubiri.

Mwenyekiti alieleza kwamba mpango umefanikiwa. Wajumbe waliguna.

Ilielezwa kwamba juzi taa ilipowaka, wote walikimbia kuwasha kwa mpigo. Umeme ukazidiwa, taa ikazimika. Wote wakazima. Kwa kuwa wamezima, taa ikawaka tena, nao wakakimbia tena. Mchezo huu uliendelea asubuhi nzima bila hata debe moja la mahindi kusagwa, hadi mtambo wa sola ukajikata kabisa. Kila mmoja alikwenda zake akidhani mwenzake amemwita fundi. Mayai ya Mama Vifaranga yalipoa mpaka jioni.

Mama Vifaranga alisema hakuja kulaumu mtu. Anachotaka ni kujua kama mashine yake itakuwa na umeme mpaka mayai yaanguliwe, kwa sababu yakipoa tena hana kitu, na kodi ya chumba anailipa kwa vifaranga hivyo.

KUMB. NA. 4/3: MAELEZO YA FUNDI
Fundi alieleza kwamba jua halina ratiba, kwa hiyo wanaotumia umeme ndio wajipange kulifuata. Kazi inayoweza kusubiri isubiri, na jua likizidi itumie ziada hiyo.

Mwenyekiti aliuliza: mwaka jana tuliambiwa tubane umeme, leo tunaambiwa tuutumie. Tushike lipi? Fundi alijibu: yote mawili, inategemea saa. Mchomeleaji alisema sasa ndiyo haelewi kabisa. Katibu alisema ameelewa, lakini alipoombwa kueleza alishindwa.

Fundi aliongeza kwamba taa haikukusudiwa kuwakimbiza wote kwa pamoja. Mwenyekiti aliuliza kwa nini hakusema hivyo siku ya kuifunga. Fundi alisema alisema, ila wakati huo Mwenyekiti na shemeji yake walikuwa wanagombania kivuli.

KUMB. NA. 4/4: NANI ASUBIRI
Mwenyekiti alisema unga hausubiri. Mchomeleaji alisema geti la mteja halisubiri. Katibu alitaja mashati. Ilionekana hakuna kazi hata moja uani inayoweza kusubiri.

Mama Vifaranga alimuuliza Mchomeleaji, "Shemeji, chuma kikikaa bila umeme mpaka kesho, kinakuwa nini?"

Mchomeleaji alijibu, "Kinakuwa chuma."

"Na mahindi, Mwenyekiti?"

Mwenyekiti alisema hilo swali lina mtego, kisha akakubali kwamba yatabaki mahindi.

"Basi mimi vyangu vinakufa."

Aliomba wajumbe waende chumbani kwake. Kikao kilihamia huko. Alifunga dirisha, akamulika yai kwa tochi: giza tupu. Alilitenga pembeni: limekufa. La pili hivyo hivyo. Katika la tatu kilionekana kitu cheusi chenye mishipa, kikajitikisa. Mchomeleaji aliuliza kwa sauti ya chini kama kinawasikia. Katibu anaomba iandikwe kwamba aliona uchungu na furaha kwa pamoja, na hakujua aanze na lipi.

ILIAZIMIWA: Betri iwe ya mayai kwanza. Mashine nyingine ziwake moja moja, na zamu zipangwe na Mama Vifaranga, kwa kuwa ndiye pekee asiye na cha kukimbilia kuwasha taa ikiwaka.

KUMB. NA. 4/5: KUFUNGA
Kikao kiliporudi kwenye mabenchi ya dobi na azimio likiandikwa, taa ya getini iliwaka. Wote walisimama, wakatazamana, wakakaa. Fundi alilalamika kwamba sasa umeme unapotea bure. Mwenyekiti alisema yeye haelewi tena kama kukaa ni kosa ama kusimama ndiko kosa, akatoa mfukoni ufunguo wa mashine ya kusaga, akamkabidhi Mama Vifaranga. Alimwomba amwite zamu yake ikifika, hata ikiwa ya mwisho.

Mama Vifaranga alisema, "Dobi aanze."

Kwa sababu Katibu ndiye dobi, kikao kiliishia hapo, saa saba na nusu mchana.

Mwenyekiti: (sahihi, bado anasubiri)
Katibu: (sahihi, pasi imeshapata moto)