Pini Ambayo Sikuimeza

2 Juni, asubuhi

Mwanangu,

Hujambo? Kazi zinakwendaje huko? Sisi tupo, ila sauti yangu imekauka tangu juzi, ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Nikimeza mate koo linakataa, nikikohoa natema damu. Mama yako kautangazia mtaa mzima kwamba nimemeza pini. Mimi! Fundi niliyezeeka na pini midomoni! Kazificha zote, na gauni la bibi harusi liko mezani halina pindo. Zahanati walinipiga picha ya koo, pini hawakuiona, wakaniambia nirudi wiki ijayo. Angalau goti limetulia, tangu muuza dawa aliponipa vidonge vya maumivu.

Baba yako mwenye hasira

2 Juni, mchana

Baba,

Shikamoo. Hali yako siulizi, umeshanieleza na nimepandwa na mori. Hivi hakuna hata mmoja aliyekuuliza unatumia dawa gani? Ile ya kuzuia damu isigande, uliyoandikiwa mguu ulipovimba, haipatani na vidonge vya goti; zikikutana, damu huvuja ndani kwa ndani! Wao wanasaka pini, huku damu inavujia kooni na kulivimbisha. Koo likizidi kuvimba utakosa hewa. Usimeze kidonge kingine chochote. Nenda hospitali kubwa sasa hivi na paketi zote mbili. Gauni liache!

Binti yako

3 Juni

Baba, simu hampokei, wewe wala Mama. Andika hata neno moja. Kama ulibaki nyumbani kumalizia lile pindo, sitakusamehe.

Mwanao

11 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa kungoja. Simu yetu tuliisahau juu ya cherehani, na Mama yako hakubanduka hospitalini. Gauni nililiacha. Hewa ilinikatikia mlangoni mwa hospitali. Mama yako akawaonyesha zile paketi, wakanipitishia mpira wa kupumulia kooni na kunipa dawa ya kuzuia damu isiendelee kuvuja. Jana nilitoka. Goti linauma tena, basi liume.

Leo daktari wa zahanati kaja kunijulia hali. Eti, "Mzee, mbona hukutuambia unatumia dawa ile?" Sikuwaambia! Nani aliniuliza? Sauti ingekuwepo, ningemfokea mpaka asahau njia ya kwao.

Mama yako kaomba radhi na kurudisha pini. Nimekaa kutwa nadarizi kola za mashati yangu yote, uzi mwekundu, herufi kubwa: NATUMIA DAWA YA KUZUIA DAMU KUGANDA. Wasiotaka kuuliza, wasome.

Baba yako